Mkaa wa kopo, gesi ya meli, umeme wa Rufiji

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

SAA kumi na moja alfajiri, pembezoni mwa soko la Buguruni, mama lishe anapika kwa moto wa aina tatu. Maharage yako juu ya jiko la mkaa tangu usiku wa manane. Chai ya maziwa inachemka kwenye jiko la gesi lenye mtungi wa kilo sita. Ndani ya chumba alichopanga, hatua chache kutoka kibandani, birika la umeme linachemsha maji ya kukandia unga wa chapati.

Anajua anachofanya. Mkaa anaununua kwa kopo, kwa hela ya mauzo ya jana. Gesi ina haraka, lakini kujaza mtungi huo kunataka zaidi ya Sh20,000 kwa mkupuo, na ukiisha wiki ile ile ya kulipa kodi ya chumba, mtungi unakaa mtupu. Umeme upo ukutani, ila LUKU ni ya nyumba nzima: wapangaji wengi, mita moja, na atakayeonekana na jiko la umeme ndiye atakayenyooshewa kidole uniti zikiisha.

Mjadala wa nishati mbadala nchini husemwa kwa megawati, hekta na hewa ukaa. Buguruni husemwa kwa shilingi za leo. Makala haya yanafuatilia swali linalounganisha pande hizo mbili: kati ya nishati zinazosukumwa zichukue nafasi ya mkaa, ipi inastahili kusukumwa hivyo, na nani atabeba gharama ya kuhama?

Asilimia 80 ndani ya miaka kumi

Mei 8, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Siku sita baadaye alikuwa Paris, akiwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa nishati safi ya kupikia barani Afrika, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 za Marekani. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa zimekwisha kutakiwa kuachana na kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari mwaka huo.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Mkakati ulipokuwa ukiandaliwa, karibu kaya tisa kati ya kumi zilikuwa zinategemea kuni au mkaa. Vijijini ni kuni, mijini ni mkaa, na Dar es Salaam peke yake imekadiriwa kuteketeza karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 iliipa biashara hiyo thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, ikiwa na mamia ya maelfu ya watu ndani yake: wachomaji, wapakiaji, madereva wa malori, waendesha baiskeli na bodaboda, na wauzaji wa rejareja wanaopanga makopo yao kando ya barabara za mitaa.

Hoja kubwa dhidi ya moto wa kuni na mkaa iko kifuani. Serikali imekuwa ikitaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa kupikia. Anayekaa karibu zaidi na moshi huo ni mama, na aliye mgongoni mwake ni mtoto ambaye mapafu yake bado yanakua. Homa ya mapafu kwa watoto wa chini ya miaka mitano ina uhusiano wa moja kwa moja na jiko la ndani lisilo na mahali pa kutolea moshi. Mkaa una hatari nyingine ya kimyakimya: moshi wake hauonekani, kwa hiyo watu huingiza jiko chumbani wakati wa baridi, wakafunga mlango na kulala.

Kwa hiyo suala la kuondoka kwenye mkaa halina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye kinachokuja baada yake.

Gesi inayokuja kwa meli

Hadi sasa mshindi ni mtungi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umesambaza mitungi ya kilo sita zaidi ya 450,000 kwa ruzuku ya nusu bei. Wabunge wameigawa majimboni, wasanii wameitangaza, na katika mikutano mingi ya hadhara picha ya nishati safi imekuwa ni mtungi na jiko lake.

Kuna kila sababu ya kuipenda gesi hii. Inawaka papo hapo, haina masizi, haihitaji mtu kupuliza, na inamrudishia mama saa nzima ya asubuhi. Anayepika kwa gesi kwa mara ya kwanza baada ya miaka ya moshi hana haja ya kampeni kumweleza tofauti.

> Gesi ya Songo Songo haimo kwenye mtungi wa jikoni. Iliyomo imekuja kwa meli na imelipiwa kwa dola.

Lakini wengi mitaani wanaamini kwamba mtungi huo umejazwa gesi ya kusini. Sivyo. Gesi asilia iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982 ni methani. Inasafiri kwa bomba, na sehemu yake kubwa huchomwa Ubungo na Kinyerezi kuzalisha umeme. Ile ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, mazao ya usindikaji wa mafuta na gesi, nayo yote inaagizwa kutoka nje na kushushwa kwenye bandari za Dar es Salaam na Tanga. Nchi iliyotangaza akiba ya zaidi ya futi za ujazo trilioni 57 za gesi bado inanunua moto wa jikoni kwa dola.

Maana yake ni kwamba bei ya kupika maharage Buguruni imefungwa kwenye soko la mafuta la dunia na kwenye thamani ya shilingi. Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuona bei hiyo inavyoweza kuyumba hata kwa uamuzi wa ndani. Mwaka 2016 waliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia, na matumizi yakapanda. Julai 2021 kodi ya asilimia 16 ikarudishwa, wakati bei ya dunia nayo ikipanda, na kaya nyingi zikarudi kwenye mkaa na mafuta ya taa. Mwaka 2022 kodi ikapunguzwa hadi asilimia 8, na 2023 ikafutwa tena. Mama wa Kibera, Nairobi, alikuwa na jiko la gesi muda wote huo. Kilichokosekana ni cha kuwasha ndani yake.

Ndiyo sababu kugawa mitungi si kipimo cha kuridhisha. Mtungi wa kwanza ni zawadi, lakini wa pili ni bajeti. Kinachopaswa kuhesabiwa ni mara ngapi mtungi umerudi dukani kujazwa.

Dar es Salaam iliwahi kupata jibu zuri la tatizo la mkupuo. Kampuni ya KopaGas ilianza hapa na mita ndogo inayofungwa kwenye mtungi, mteja akalipia gesi kidogo kidogo kwa simu, kama anavyonunua vocha. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na Circle Gas ya Uingereza kwa dola milioni 25, na ikaenda kukua Nairobi. Wazo lilizaliwa kutokana na tabia ya mnunuzi wa kopo la mkaa, ambaye si kwamba hana hela, bali hana hela zote kwa siku moja. Lingestahili kusukumwa kwa nguvu ile ile ya ruzuku ya mitungi.

Bomba la gesi asilia hadi jikoni nalo lipo, kwa kaya chache za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara. Wanaolitumia wanalisifia kwa unafuu. Lakini kuchimba mitaro katika mitaa iliyojengwa bila mpango, ambako nyumba zimebanana hata bajaji haipiti, ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi. Mitaa kama Manzese haitangoja.

Maji ya Rufiji yamefika ukutani

Nishati pekee ambayo imekwisha kufika kwenye nyumba nyingi za mjini, na inayozalishwa kwa sehemu kubwa kwa maji ya nchi hii, ni umeme. Hapa ndipo mjadala ungepaswa kuwa moto zaidi, na ndipo ulipopoa.

Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na mwaka 2025 yote tisa ilikuwa tayari. Gharama ya ujenzi ilitajwa kuwa Sh6.5 trilioni. Kwa bwawa hilo, uwezo wa mitambo iliyofungwa kwenye gridi ya Taifa ulifika takriban mara mbili ya mahitaji ya juu kabisa ya nchi. Tumejenga umeme mwingi kuliko tunavyoutumia, huku miti ikiendelea kukatwa kwa ajili ya kuchemsha maharage.

Bwawa hilo halikuja bure kwa mazingira. Limezamisha zaidi ya kilomita za mraba 1,000 za ardhi ya iliyokuwa Pori la Akiba la Selous, eneo lililokuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1982. Wataalamu wa ikolojia waliuliza mapema kuhusu mikoko ya delta, kamba wanaozaliana humo, na wakulima wa Rufiji waliozoea kupanda mpunga kwa kufuata mafuriko ya msimu. Aprili 2024 mafuriko makubwa yalipofunika vijiji vya Rufiji na Kibiti, wananchi wengi walilinyooshea kidole bwawa, na serikali ikasema chanzo kilikuwa mvua kubwa. Yeyote anayeutaja umeme wa maji kuwa safi anapaswa kusimama Utete au Ikwiriri na kulisema neno hilo mbele ya watu wanaoishi chini ya bwawa.

Udhaifu wa pili ni ukame. Mwishoni mwa 2022, kisha tena 2023, nchi iliingia kwenye mgawo wa umeme maji yalipopungua kwenye mabwawa. Wenye mashine za kusaga na wenye saluni wanakumbuka miezi ile. Sasa tumeweka mzigo mkubwa zaidi kwenye mto mmoja, na mvua za Rufiji hazitoi ahadi. Jua la Kishapu mkoani Shinyanga na upepo wa Singida vinapaswa kuja haraka kusaidiana na maji hayo, kwa sababu kiangazi kinachokausha mabwawa ndicho chenye jua kali.

Udhaifu wa tatu uko kwenye nyaya, na huu ndio unaomgusa mpishi. Machi 2025 Rais Samia alitangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, akieleza kwamba umeme mwingi hupotea njiani unaposafirishwa hadi huko. Wengi walishangaa, nchi yenye ziada kununua nje. Lakini umeme mwingi pale bwawani haumsaidii mtu ambaye transfoma ya mtaa wake imeelemewa. Katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, saa moja usiku taa hufifia na feni hupunguza mwendo. Hiyo ndiyo saa ya kupika ugali. Tukiwaambia watu wote wawashe majiko ya umeme bila kubadilisha transfoma na nyaya za mitaani, tutawarudisha kwenye mkaa wakiwa na hasira.

Pamoja na hayo yote, mwandishi wa makala haya anauona umeme kuwa jibu bora kwa jiko la mjini, kwa hesabu zinazoweza kufanywa kwenye karatasi.

Uniti ya 76

Watu wengi wanaamini kwamba umeme ni ghali kwa kupikia. Imani hiyo ilitokana na jiko la koili, lile la duara linalowaka wekundu, ambalo hupoteza joto jingi pembeni ya sufuria. Sufuria ya presha ya umeme ni kitu kingine. Imefunikwa, imezungushiwa kizuia joto, na hukata moto yenyewe presha ikishatosha. Kuchemsha maharage humo hutumia takriban nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, ambayo pamoja na kodi na tozo hufika karibu Sh356 kwa uniti, hiyo ni chini ya Sh200. Hakuna kopo la mkaa la bei hiyo linaloivisha maharage Dar es Salaam.

> Kuchemsha maharage kwenye sufuria ya presha ya umeme hutumia takriban nusu uniti: chini ya Sh200.

Tuchukue familia inayotumia uniti moja na nusu kwa siku kwa kupika. Kwa mwezi ni uniti 45, yaani karibu Sh16,000. Ni chini ya bei ya kujaza mtungi wa kilo sita, ambao kwa familia ya watu watano mara nyingi haumalizi mwezi.

Sasa tuangalie familia maskini zaidi, iliyo kwenye kundi la D1. Hawa hulipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Uniti ya 76 hutozwa Sh350, na anayezidisha mara kwa mara huondolewa kwenye kundi hilo. Familia ya D1 inayotumia uniti 40 kwa taa, simu na televisheni hulipa kama Sh4,900. Ikianza kupika kwa umeme, inafika uniti 85. Ikihamishiwa bei ya kawaida, bili yake inaruka hadi Sh30,000 hivi. Imeongezewa Sh25,000 kwa kosa la kuacha mkaa.

Bei nafuu ya D1 ilikusudiwa kumlinda mnyonge, na inamlinda vizuri awashapo taa. Kikomo cha uniti 75 kiliwekwa wakati hakuna aliyefikiria kwamba mnyonge huyo angepika kwa umeme. Mkakati wa 2034 na orodha ya bei za umeme vinavutana, na anayekatika katikati ni mwenye kipato kidogo. Mdhibiti wa nishati, EWURA, na shirika la umeme, TANESCO, wanaweza kuliondoa tatizo hili bila kujenga hata nguzo moja: wapandishe kikomo kwa kaya inayopika kwa umeme, au waweke bei ya chini kwa saa za mchana, wakati gridi ina nafasi na maharage yanaweza kuchemka.

Kisha kuna mita ya nyumba ya kupanga. Sera zote za nishati safi zinazungumza na mwenye nyumba. Mama lishe wa Buguruni ni mpangaji. Bila mita ndogo ya chumba chake, hata umeme wa bure utamletea ugomvi koridoni.

Samadi na makaa ya mawe

Vijijini hesabu ni nyingine. REA imefikisha umeme kwenye karibu vijiji vyote, na ada ya kuunganishwa ni Sh27,000, lakini umeme kufika kijijini si sawa na kufika kila nyumba, na kuni za kuokota hazina bei. Kwa mfugaji wa ng'ombe wa ndani, kwa mfano Arusha, Kilimanjaro au Njombe, mtambo wa gesi ya samadi unafaa kweli. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimeujenga kwa miongo. Ng'ombe wawili wa zizini hutosha, na tope linalobaki ni mbolea nzuri kuliko samadi mbichi. Kinachoshinda wengi ni gharama ya ujenzi na maji: kila ndoo ya samadi inataka ndoo ya maji. Mahali ambako mama hutembea nusu saa kufuata kisima, gesi hiyo huongeza safari.

Kuna pia mkaa mbadala. Ule wa Rafiki Briquettes unaotengenezwa na shirika la umma la STAMICO umetangazwa sana mashuleni na magerezani, na unaokoa miti. Lakini malighafi yake ni makaa ya mawe. Unapaswa kuitwa kwa jina hilo mbele ya mkuu wa shule anayejenga jiko, ili ajenge na bomba la kutolea hewa. Makaa hayo hayaoti tena, na kuyahesabu pamoja na nishati jadidifu ni kuwadanganya wananchi.

Msitu usio na mnunuzi

Upande ambao hausikiki kwenye mjadala huu ni wa anayechoma mkaa. Yeye huonyeshwa kwenye picha kama adui, akiwa na shoka na tanuri la udongo linalofuka.

Tanzania hupoteza takriban hekta 469,000 za misitu kwa mwaka, na mkaa hubebeshwa lawama zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu visababishi vya upotevu huo ulionyesha kwamba kilimo ndicho chanzo kikuu, tena kwa mbali. Mti uliokatwa kwa mkaa, kama kisiki chake kimeachwa, katika misitu ya miombo huchipua tena. Mti uliong'olewa kwa shamba la ufuta haurudi.

Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro imetoa somo ambalo mijini halijasomwa. Tangu 2012, shirika la TFCG na mtandao wa wanavijiji wa MJUMITA walivisaidia vijiji kugawa sehemu ya misitu yao katika vitalu, kukata kitalu kwa kitalu, na kukiacha kilichokatwa kipumzike kwa miaka 24. Ushuru ukabaki kijijini, ukajenga madarasa, zahanati na visima. Wanakijiji wakaanza kuwafukuza wavamizi wa msitu wenyewe, bila kusubiri askari, kwa sababu msitu ulikuwa umeanza kuwalipa.

> Kijiji kikikosa mnunuzi wa mkaa halali, msitu utapimwa kwa gunia la ufuta.

Sasa vijiji hivyo vinasikia redioni kwamba mkaa utakwisha. Kijiji kikikosa mnunuzi wa mkaa halali, msitu utapimwa kwa gunia la ufuta au mahindi, na hapo msitu hushindwa. Januari 2006 serikali iliwahi kupiga marufuku mkaa kwa ghafla. Bei ilipanda mno mijini, biashara ikaingia gizani, na baada ya wiki kama mbili amri ikaondolewa. Kilosa haikuwa na vitalu wakati ule. Sasa inavyo, na amri kama ile ingewapiga kwanza wanavijiji wake, waliofuata utaratibu, kabla ya kumgusa anayechoma usiku bila kibali.

Hadi mwaka 2034 ufike, na hata ukifika, sehemu ya nchi itaendelea kupikia mkaa. Katika asilimia 20 zilizobaki kwenye hesabu ya mkakati wenyewe kuna mamilioni ya watu. Serikali inaweza kuamua leo kwamba mkaa wao utoke kwenye misitu ya vijiji yenye mpango wa uvunaji, ikavipa vijiji hivyo ushuru mdogo na soko la uhakika Dar es Salaam, na kuweka ushuru mkubwa kwa gunia lisilo na kijiji chake. Sheria ya misitu ya 2002 imekwisha kuwapa wanavijiji haki ya kumiliki na kusimamia misitu yao. Kinachokosekana ni mkakati wa nishati safi kuwatambua kama sehemu ya kazi hiyo.